Street Fighter III na gharama ya kupangua

Michezo mingi ya video ya kupigana ikishindwa sokoni husahaulika. Street Fighter III ilishindwa sokoni, kisha ikageuka kuwa mizani ambayo mingine yote hupimiwa. Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, iliitoa kwenye mashine za sarafu mwaka 1997. Watu wakaitazama, wakauliza Guile, mpiganaji waliyemzoea tangu Street Fighter II, yuko wapi, wakaenda zao. Leo ukilitaja toleo lake la mwisho, 3rd Strike la mwaka 1999, mbele ya wapenzi wa gemu hizi, utamwagiwa sifa hadi uchoke.

Walioondoka mwaka 1997 walikuwa na haki yao, na wanaosifu leo wana yao. Kinachokera ni namna mjadala unavyoendeshwa: mazuri yanapangwa safu hii, mabaya safu ile, kana kwamba yaliletwa na watu wawili wasiofahamiana. Ukiuchunguza mchezo wenyewe unakuta sehemu kubwa ya uzuri wake na sehemu kubwa ya ubovu wake vimezaliwa na uamuzi mmoja. Mchezaji alipewa uwezo wa kupangua karibu pigo lolote, ardhini au hewani, bila kulipia chochote.

Kabla ya kufika huko, tuanze na namba. Street Fighter II ilitoka mwaka 1991 ikiwa na wapiganaji 8 wa kuchagua na mabosi 4 wa kupambana nao mwishoni. Ilipouza vizuri, Capcom haikusogea mbele. Ilitoa Champion Edition, Hyper Fighting, Super, kisha Super Turbo mwaka 1994, halafu ikafungua tawi jipya la Alpha mwaka 1995. Utani uliokuwa ukizunguka ni kwamba kampuni hii haijui kuhesabu hadi tatu. Kwa hiyo namba tatu ilipotangazwa, watu waliisubiri kwa miaka ya hamu, na walichokuwa wakikisubiri ni ndugu zao walewale: Guile, Zangief, Blanka, Dhalsim, Chun-Li.

Walipata Ryu na Ken tu. Wengine wote walikuwa wageni. Alex, Mmarekani mwenye mwili wa mpiga mieleka, ndiye aliyepewa nafasi ya shujaa. Dudley ni bondia Mwingereza mwenye masharubu na adabu za mezani. Ibuki ni msichana wa ninja, Necro ana mikono inayovutika kama mpira, na Oro ni mzee aliyejifunga mkono mmoja kwa sababu akitumia yote miwili hapati mpinzani wa maana. Yun na Yang ni mapacha, na katika toleo la kwanza walikuwa mapacha kupita kiasi: mapigo yao yalikuwa yaleyale. Yang alipata mtindo wake mwenyewe katika toleo la pili, 2nd Impact, lililotoka mwaka huohuo wa 1997.

Halafu kuna Elena, ambaye hadithi ya mchezo inasema ni Mkenya, lakini anapigana capoeira, sanaa iliyokulia Brazil mikononi mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Jinsi ilivyorudi Kenya, Capcom ndio wanaojua. Ila kama unataka kuona fedha ya mchezo huu ilikwenda wapi, mtazame Elena akiwa hafanyi kitu. Hasimami. Nyonga zinakwenda, mabega yanafuata, mikono inapanda na kushuka, uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na hakuna mahali unapoona mkato. Yote hayo yamechorwa kwa mkono, fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja. Dudley akikunja ngumi, au Ibuki akitua kutoka hewani, ni uleule utajiri wa michoro. Kwa macho yangu hakuna gemu ya mapigano ya pande mbili (2D) ya miaka hiyo iliyotembea vizuri kuliko hii.

Lakini mwaka 1997 ulikuwa mwaka wa Tekken 3, gemu pinzani ya pande tatu (3D). Virtua Fighter ilikwisha kuwaonyesha watu mwili wa pande tatu tangu 1993, na mtu aliyesimama katikati ya mashine hizo aliiona michoro ya mkono, hata iwe mizuri namna gani, kama kitu cha jana. Kisha michoro hiyo ilihitaji mtambo wake maalumu, CPS-3, ambao Capcom iliutumia kwa gemu 6 tu. PlayStation ya kwanza na Saturn, mashine za kuchezea nyumbani, hazikuipata kabisa. Ilibidi kusubiri Dreamcast ndipo mtu aweze kuicheza nyumbani, na wakati huo Tekken 3 ilikuwa imeshakaa sebuleni kwa watu zaidi ya mwaka. Mtambo wenyewe ulikuwa na kituko kingine: kasha la ulinzi lilikuwa na betri, na betri hiyo ikifa gemu haiwaki tena. Wenye mashine za zamani wanakijua kilio hicho.

Hayo ni mambo ya soko. Kiini cha mchezo kiko kwenye fimbo ya kuchezea (joystick).

Katika gemu za kawaida za kupigana, unajikinga kwa kuvuta fimbo nyuma. Kinga ina masharti yake: kuna mapigo ya chini yanayotaka uchuchumae, na mapigo ya juu yanayotaka usimame. Ukikinga pigo maalumu, uhai unamegwa kidogo. Zaidi ya hapo, kila ukikinga unaganda kwa kitambo na kusukumwa nyuma, na anayeshambulia ndiye anayeamua kinachofuata. Dawa ya mtu anayekinga muda wote ni kumkamata na kumpiga mwereka. Mwereka unaivunja kinga, ngumi ya haraka inamwahi anayetaka kukamata, na kinga inaizuia ngumi. Duara hilo ndilo linaloendesha mapambano yote.

Street Fighter III iliingiza kitu cha nne. Pigo linapokaribia kukugusa, badala ya kuvuta fimbo nyuma unaigonga mbele, kumwelekea anayekupiga. Kama ni pigo la chini, unaigonga chini. Ukipatia, unalipangua kama kipa anavyopangua shuti: hupotezi uhai hata chembe, hugandi kama mtu aliyekinga, na mara nyingi unakuwa huru kabla ya mwenzako hajarudisha mkono wake. Sasa yeye ndiye aliye wazi. Mchezo unakwenda kwa fremu 60 kila sekunde, na katika 3rd Strike, ukiwa umesimama chini, nafasi ya kupangua ni takriban fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Katika hali nyingine nafasi hiyo hupungua, na ukitaka kupangua katikati ya mfululizo wa mapigo ambayo ulikwisha anza kuyakinga, inabaki finyu sana.

Tazama mwelekeo wa fimbo. Kinga iko nyuma, kupangua kuko mbele. Huwezi kufanya yote mawili. Anayepangua ameiachia kinga yake, na akikosea anakula pigo zima na yote yanayolifuata. Woga na ujasiri vimewekwa kwenye pande mbili za fimbo moja, na mkono wako lazima uchague kabla akili haijamaliza kubishana. Naye anayeshambulia hawezi tena kurusha mkono kwa mazoea. Atauchelewesha kidogo, au atabadili pigo la juu liwe la chini, au atasogea tu na kukamata. Michezo mingi imejaribu kumfanya mtu asome mawazo ya mwenzake, huu ulimlazimisha.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mwaka 2004, katika mashindano ya EVO huko California. Daigo Umehara wa Japani alikuwa na Ken, Justin Wong wa Marekani alikuwa na Chun-Li, na walikuwa wakigombea nafasi ya kuingia fainali. Ken alibakiwa na uhai wa kuhesabu pikseli. Hata angejikinga, ile chembe ya uhai inayomegwa na pigo maalumu ingetosha kummaliza. Wong akaachia pigo kuu la Chun-Li, yaani lile la nguvu zaidi linalotumia geji ya nguvu, mvua ya mateke zaidi ya kumi. Kila teke linataka lipanguliwe peke yake, kwa wakati wake, na la kwanza linakuja upesi mno kiasi kwamba ukisubiri ulione umechelewa: ilibidi Daigo alihisi kabla halijaanza. Akayapangua yote, la mwisho akilipangua akiwa hewani ili atue akiwa na nafasi ya kupiga kombo kamili, yaani mfululizo wa mapigo yanayoungana, na akashinda raundi. Ukumbi ukapasuka kwa kelele. Kinachosahaulika ni kwamba hakulichukua taji. Fainali alifungwa na Mjapani mwenzake aliyecheza na Yun. Nitarudi kwa huyo Yun.

Dakika hiyo ndiyo tangazo bora ambalo gemu yoyote ya mapigano imewahi kupata, na ilikuja miaka mitano baada ya 3rd Strike kutoka.

Sasa gharama. Ili uione, rudi kwenye mpira wa nishati wa Ryu, Hadoken. Katika Street Fighter II mpira huo si silaha ya kuumiza tu. Ni silaha ya kumiliki uwanja. Unaurusha kutoka mbali. Mwenzako akikinga, anamegwa na kusukumwa. Akichoka, anaruka kuukwepa. Na akisharuka hana tena uwezo wa kubadili njia, kwa hiyo unamsubiri anakotua na kumpandishia Shoryuken, ngumi ya kupaa. Mpira unamlazimisha aruke, na kuruka kunamleta kwenye ngumi. Mtu anayeusogelea mpira hatua kwa hatua, akisubiri nafasi yake, yuko katikati ya mapambano halisi hata kama hakuna aliyeguswa kwa sekunde 10.

Street Fighter III ilivunja vipande vyote viwili. Mpira unaokuja kutoka mbali unaonekana, una mwendo unaojulikana, na unapanguliwa kwa mguso mmoja wa fimbo, tena bila kumegwa. Kisha aliyeruka naye anaweza kupangua hewani, kwa hiyo ile Shoryuken iliyokuwa hukumu sasa ni kamari. Ukiipiga na yeye akaipangua, anatua mbele yako huku wewe bado unapaa. Umbali ukapoteza thamani. Pambano likahamia karibu, kwenye kubahatisha kati ya mwereka, pigo la chini na pigo la juu.

Aliyeumia waziwazi ni Remy, aliyeletwa katika 3rd Strike kama mrithi wa mtindo wa Guile: kaa mbali, rusha mipira ya juu na ya chini, mngoje mtu aruke. Alizaliwa katika nyumba ambayo kazi yake ilikwisha futwa. Inaonekana waundaji walilijua tatizo, maana Ryu alipewa Denjin Hadoken, mpira unaochajiwa ambao haukingiki kabisa. Dawa yake ni kuupangua au kuukwepa. Ni jibu zuri, lakini ni jibu la mhusika mmoja.

Na hapa niseme kinachonikera zaidi. Kosa la kupangua haliko kwenye nguvu yake. Pale ambapo pigo liko usoni pako, hatari ni ya kweli na malipo yanastahili. Kosa ni kwamba ukiwa mbali, kujaribu ni karibu bure. Unagonga fimbo mbele, hakuna kilichokuja, unarudi kukinga, hakuna aliyeona. Hakuna geji iliyopungua. Mchezaji mzoefu hufanya hivyo muda wote wa pambano, na mwenzake hana namna nzuri ya kumtoza kwa tabia hiyo.

Ukishalielewa hilo, ule mjadala usiokwisha kuhusu wahusika wenye nguvu kupita kiasi unakuwa mwepesi. Kabla ya pambano kila mchezaji huchagua pigo kuu moja kati ya matatu, na kila chaguo lina urefu wake wa geji na idadi yake ya akiba. Ni wazo tamu kwenye karatasi: wapiganaji 19, kila mmoja kwa sura tatu. Kwa wahusika wengi, hata hivyo, moja huyameza mengine mawili. Chun-Li huchagua yale mateke aliyoyapangua Daigo. Yun huchagua Genei-jin, ambayo haipigi mtu yenyewe. Inamwongezea kasi kwa sekunde chache, mapigo yake yote yakaanza kuungana.

Wakubwa watatu wa 3rd Strike ni Chun-Li, Yun na Ken, na hapo wajuzi wengi hawabishani. Kwa nini wao? Naona ni kwa sababu kupangua kunawasumbua kidogo kuliko wengine. Chun-Li ana teke la chini la mguu wa kati, la haraka na refu. Analigusisha tu. Likikingwa, hajapoteza kitu kikubwa. Likiingia, anaachia pigo kuu papo hapo na theluthi ya uhai wako inakwenda. Huhitaji kupangua mara moja tu, unahitaji kupangua teke ambalo linaweza kuja wakati wowote. Yun akiwasha Genei-jin anakuletea mchanganyiko wa juu, chini na kukamata kwa mwendo ambao hakuna kidole kinachoufuata chote. Ukijumlisha na uwanja usiokuwa na umbali wa kujificha, unapata mashindano ambayo nyuso zinajirudia.

Upande wa chini kuna Sean, mwanafunzi wa Ken kutoka Brazil. Katika 2nd Impact alikuwa tishio. 3rd Strike ilimpunguza hadi akabaki mzaha wa watu. Twelve anaruka kwa kuteleza hewani, anapotea machoni, hata kugeuka kuwa nakala ya mpinzani wake, ila akikupiga hausikii. Urien yuko juu kidogo na ana mwanya wake: kioo anachokisimamisha nyuma yako kinaweza kukuacha ukipigwa pande mbili kwa wakati mmoja, na kinga ina upande mmoja. Kwenye mchezo unaojivunia kwamba kila pigo lina jibu, hilo ni doa.

2nd Impact iliongeza mapigo ya EX, ambapo unatoa sehemu ya geji yako kulitia nguvu pigo la kawaida, na wazo hilo likakaa kwenye mfululizo moja kwa moja. Mbio fupi za mbele na nyuma, ambazo hapo kabla Ryu hakuwa nazo katika namba zake kuu, zilianzia hapa pia. Na Chun-Li kurudishwa mwaka 1999 hakuhitaji maelezo: Capcom ilikuwa imesikia swali la walioondoka.

Ilisikia hata zaidi ya ilivyopaswa. Street Fighter IV ilipoingia mwaka 2008, ilirudi na wapiganaji wote 12 wa Street Fighter II, hadithi ikasogezwa nyuma ya matukio ya III, na kupangua kukaondolewa. Badala yake kulikuwa na pigo la kujikaza ambalo linameza ngumi moja na kukuachia jeraha la muda. Gemu iliuza, mipira ikapata tena heshima yake, na wahusika wapya wa III, isipokuwa wachache waliopenyezwa baadaye, wakawekwa kabatini. Ni kama kampuni iliamua kwamba kosa lilikuwa kuthubutu. Mimi sikubaliani. Kosa lilikuwa kutoweka bei.

Bei hiyo ilikuja kuwekwa na Street Fighter 6, mwaka 2023. Kupangua kumerudi, safari hii kwa vitufe unavyovishikilia. Kila sekunde unayoshikilia inakula geji iitwayo Drive, na geji ikiisha kabisa unabaki dhaifu kwa muda mrefu. Ukikamatwa huku umeshikilia, mwereka unakuumiza zaidi ya kawaida. Hewani hakuna kupangua, kwa hiyo Shoryuken ni hukumu tena. Ukilenga wakati barabara unapata upanguaji kamili na saa inasimama kidogo, lakini dhidi ya mpira uliorushwa kutoka mbali hata huo hauna faida kubwa. Kila tundu nililolitaja hapo juu limezibwa.

Kwa uwiano, kazi ni safi kuliko ile ya 1999, na mtu mpya ataielewa kwa jioni moja. Ila Chun-Li wa Street Fighter 6 bado anayo mateke yale ya EVO, na mtu mwenye geji ya kutosha akiyaona yanakuja anaweza kubana vitufe viwili na kusubiri yaishe. Katika 3rd Strike, ambayo tangu 2018 imo kwenye mkusanyo wa miaka 30 wa Capcom, utalazimika kugonga fimbo mbele kwa kila teke, na ukikosa moja umekwisha.